Kuwasha kompyuta ya Kigali ukiwa Dar: uwezo uliojificha ndani ya mashine za mtumba

Saa mbili asubuhi Dar es Salaam ni saa moja Kigali na Bujumbura. Kwa mwenye mzigo bandarini, saa hiyo moja si ndogo. Wakala wa forodha ameshafika kazini na anataka ankara iliyosahihishwa au nakala ya cheti cha uasili wa bidhaa. Faili limo kwenye kompyuta ya ofisi ya Kigali, kompyuta imezimwa, na karani mwenye funguo bado yuko njiani. Mwenye mali, aliyesafiri hadi Dar kufuatilia kontena lake, anabaki kupiga simu.

Adha ya namna hii imeongezeka kadiri shughuli za forodha zilivyohamia kwenye mitandao. Chini ya Himaya Moja ya Forodha, ambayo nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kuitekeleza mwaka 2014, mzigo wa Kampala ulioshushwa Mombasa hutolewa tamko na kulipiwa kodi Uganda wakati wenyewe bado uko bandarini. Utaratibu huo umewapunguzia wengi usumbufu wa mpakani. Lakini pia umeifanya kompyuta ya ofisi ya Kampala kuwa sehemu ya safari ya lori lililo zaidi ya kilomita 1,000 mbali nayo. Kompyuta ikiganda Kampala, lori linasubiri Mombasa, na siku za bure za kuhifadhi kontena zikiisha, ada huanza kuhesabiwa.

Wengi hutumia programu za kuona kompyuta kwa mbali kama AnyDesk na TeamViewer. Ni programu nzuri, na kwa kazi za kila siku zinatosha. Udhaifu wake ni kwamba zinaishi ndani ya Windows. Kompyuta ikizimwa, ikikwama kwenye skrini ya bluu, au ikibaki inasubiri mtu abonyeze kitufe kabla Windows haijaamka, programu hizo nazo zimelala. Hapo ndipo zinapoanza zile simu za "bonyeza kitufe cha mbele, kishikilie, umeona nini?" ambazo kila mwenye ofisi mbili anazifahamu.

Kinachojulikana na wachache ni kwamba njia ya kuiwasha na kuirekebisha kompyuta ya namna hiyo kutoka mbali huenda tayari imo ndani yake, hasa kama ilinunuliwa ikiwa imeshatumika. Na hapo pana jambo la kuangalia mapema: njia hiyo humtii yeyote aliyeiwekea nywila kwanza, awe mwenye duka, fundi wake, au mtu mwingine kabisa.

Prosesa ya pili isiyolala

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa kama mtumba katika miji yetu zilitumika kwanza kwenye makampuni ya nje. Makampuni makubwa hupenda mashine ambazo fundi mmoja anaweza kuzisimamia kwa mamia bila kuinuka kitini. Kwa ajili ya wateja hao, kampuni ya Intel ilitangaza chapa ya vPro mwaka 2006, na ndani ya vPro kuna uwezo unaoitwa AMT.

Kazi yake si ngumu kuelewa. Kwenye ubao mama, mbali na prosesa kuu inayoendesha Windows, kuna prosesa nyingine ndogo yenye programu yake na njia yake ya kufikia kadi ya mtandao. Intel huiita Management Engine. Hii haizimwi pamoja na Windows. Ilimradi waya wa umeme umechomekwa ukutani na kebo ya mtandao iko kwenye tundu lake, iko macho inasikiliza. Mtu aliye mbali, akiwa na nywila, anaweza kuiamuru iwashe kompyuta, iizime, au iizime na kuiwasha upya pale Windows inapogoma kabisa.

Mashine za kuanzia mwaka 2010 zenye vPro kamili ziliongezewa jambo kubwa zaidi, la kuona skrini na kutumia kibodi na kipanya kutoka mbali tangu sekunde ya kwanza baada ya kuwaka. Mtu anaweza kuingia kwenye BIOS, kuandika nywila ya kufungua diski iliyofungwa kwa BitLocker, au kuchagua Windows ianze katika hali ya usalama, yote akiwa nchi nyingine. Hakuna programu ya ndani ya Windows inayoweza kufanya hayo, kwa sababu wakati huo Windows yenyewe haijaanza.

Si kila kompyuta inayo. Kibandiko cha vPro kwenye boksi ni dalili nzuri, ingawa vibandiko hubanduka na vingine hubandikwa. Kwa kawaida mashine zenye prosesa ya Core i3 hazina. Miongoni mwa zinazoonekana sana madukani, Dell OptiPlex za mfululizo wa 7000, HP EliteDesk 800 na Lenovo ThinkCentre M900 ndizo za kutazamwa kwanza, wakati OptiPlex za mfululizo wa 3000, ambazo bei yake huvutia, hazina. Njia ya uhakika zaidi ni kutazama jina la kadi ya mtandao ndani ya Windows. Likiishia na herufi LM, kwa mfano I217-LM au I219-LM, mashine ni ya ukoo unaotakiwa. Likiishia na V, kama I219-V, hakuna haja ya kuendelea. Muuzaji anayejua kazi yake hatakataa kuiwasha mashine na kuonyesha jina hilo kabla ya malipo. Zipo pia mashine chache ambazo mnunuzi wa kwanza aliagiza uwezo huu ufungwe kiwandani, na hizo hazirudishwi.

Mashine iliyokuja na bwana wake

Mfanyabiashara anayenunua kompyuta iliyotumika hufuta diski, huweka Windows mpya, na huamini kuwa mashine sasa ni safi. Kwa upande wa AMT haijaguswa hata kidogo. Mipangilio yake haikai kwenye diski, inakaa kwenye chipu ya ubao mama. Kama kampuni iliyoitumia mwanzo iliweka nywila na kuwasha uwezo wa mtandao, vyote vinaweza kuwa bado vipo, hata baada ya diski kubadilishwa mara tatu.

Hali ya kinyume nayo ina hatari yake. Mashine ambayo haijawahi kuwekewa mipangilio hutoka kiwandani na nywila moja inayojulikana dunia nzima, neno admin. Januari 2018, Harry Sintonen wa kampuni ya usalama ya F-Secure ya Finland alieleza hadharani kwamba mtu akipata nafasi ya kuigusa kompyuta ya namna hiyo kwa chini ya dakika moja, anaweza kuiwasha upya, kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya AMT kwa nywila hiyo ya kiwandani, kuweka yake, na kuondoka. Nywila ya BIOS haimzuii, na ya Windows hata haihusiki. Tangu hapo, akiwa kwenye mtandao mmoja na kompyuta hiyo, ana funguo ambazo mwenye nayo hajui kama zipo. Dakika moja inapatikana kirahisi kwenye ofisi ya mpakani inayopitiwa na madereva, mawakala, wateja na mafundi wa simu kutwa nzima.

Kabla ya hapo, tarehe 1 Mei 2017, Intel yenyewe ilitangaza kasoro iliyogunduliwa na Maksim Malyutin wa kampuni ya Embedi. Kwenye programu ya AMT ya matoleo ya 6 hadi 11.6, mshambuliaji aliyejitambulisha kwa jina admin na kutuma jibu tupu mahali pa nywila alikaribishwa ndani kama mwenye nyumba. Watengenezaji wa kompyuta walitoa marekebisho, lakini marekebisho hayo huwekwa na mtu. Hayaji yenyewe kila mara. Mashine za miaka hiyo ndizo hasa zinazojaza rafu za mitumba leo. Namna ya kutambua iliyotibiwa ni kusoma namba ya toleo la programu ya AMT: katika matoleo hayo ya zamani, kundi la mwisho la tarakimu nne likianza na 3, kwa mfano 11.0.25.3001, kasoro hiyo imezibwa. Likianza na 1, mashine isiunganishwe na mtandao wa ofisi mpaka ipate toleo jipya kutoka tovuti ya mtengenezaji wake, iwe Dell, HP au Lenovo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, hata kwa asiyekusudia kuutumia uwezo huu, ni kuingia kwenye ukurasa wake na kuumiliki.

Kuingia na kuweka mipangilio

Ukurasa huo huitwa MEBx. Kwenye mashine nyingi hufunguliwa kwa kubonyeza Ctrl na P kwa pamoja mara tu kompyuta inapowaka, kabla ya nembo ya Windows. Kwenye Dell nyingi ni kubonyeza F12 kisha kuchagua MEBx kwenye orodha itakayotokea. Ukurasa ukifunguka huomba nywila. Neno admin likikubaliwa, habari ni njema: mashine haijawahi kushikwa na mtu, na papo hapo italazimisha nywila mpya.

Likikataliwa, kuna mtu alitangulia. Baadhi ya mashine, HP zikiwemo, zina chaguo ndani ya BIOS la kufuta mipangilio yote ya AMT. Pasipo chaguo hilo, kwa mashine nyingi za mezani dawa ni kuchomoa waya wa umeme, kufungua boksi, kutoa betri bapa ya ubao mama kwa dakika kadhaa, kisha kuirudisha. Mashine ikikataa hata baada ya hapo, mnunuzi ana sababu ya haki ya kuirudisha dukani.

Nywila mpya lazima iwe na herufi zisizopungua 8, ichanganye herufi kubwa, ndogo, tarakimu na alama kama ! au $. Hapa wanunuzi wa Bujumbura, Bukavu na Goma wana mtego wao. Kompyuta nyingi zinazofika huko hutoka Ufaransa na Ubelgiji na zina kibodi za AZERTY, lakini ukurasa wa MEBx mara nyingi husoma kibodi kwa mpangilio wa Kimarekani. Anayebonyeza A anaandika Q, na alama zote zimehama. Nywila inakubaliwa bila tatizo, kisha inakataliwa kila inapoandikwa kutoka kompyuta nyingine, na mtu anaapa kwamba mashine ina pepo. Wakati wa kuweka mipangilio ni heri kuazima kibodi ya kawaida ya QWERTY.

Ndani ya MEBx, sehemu ya kushughulikia ni ile iliyoandikwa Intel AMT Configuration. Mambo yenyewe ni machache. Uwezo wa kuona skrini, unaoandikwa KVM, uwashwe. Kwenye sehemu ya umeme lichaguliwe lile chaguo linaloruhusu Management Engine kubaki macho hata kompyuta ikiwa imezimwa. Likiachwa kwenye S0 peke yake, mashine itaonekana kufanya kazi vizuri mchana kutwa, kisha usiku itakapozimwa haitaitika tena. Kwenye sehemu ya mtandao, DHCP inatosha, mradi ruta ya ofisi iagizwe kuipa kompyuta hiyo anwani ileile siku zote. Mwisho ni kuchagua Activate Network Access, kukubali, na kutoka.

Jaribio la kwanza lifanywe palepale ofisini, kwa simu iliyounganishwa kwenye Wi-Fi ya ruta hiyohiyo. Watu hukosea kwa kujaribu kutoka kwenye kompyuta yenyewe. Kwa kawaida haijibu namna hiyo. Kwenye kivinjari cha simu huandikwa anwani ya kompyuta ikifuatiwa na nukta mbili na namba 16992, kwa mfano http://192.168.1.50:16992. Jina la kuingilia ni admin, nywila ni ile mpya. Ukurasa mweupe wa kizamani utafunguka, ukionyesha hali ya umeme, prosesa, kumbukumbu na toleo la programu. Kisha kompyuta izimwe kabisa, kwa njia ya kawaida ya Windows, na ukurasa ufunguliwe tena. Ukijibu wakati boksi limezimwa na feni zimenyamaza, kazi imefanikiwa. Kwenye sehemu ya Remote Control kuna amri ya kuwasha, nayo ikitolewa, feni zitazunguka bila mkono wa mtu kugusa kitufe.

Ukurasa huo hauonyeshi skrini. Kwa hilo inahitajika programu kwenye kompyuta ya anayeangalia. Zinazofahamika zaidi ni MeshCommander na ndugu yake mkubwa MeshCentral, zote za bure. Kuona skrini kunategemea kadi ya picha ya Intel iliyomo ndani ya prosesa, kwa hiyo mashine iliyoongezewa kadi nyingine ya picha kwa ajili ya michoro au michezo itaonyesha giza. Vivyo hivyo mashine isiyo na skrini yoyote iliyochomekwa. Kwa ghala ambalo kompyuta imekaa peke yake kabatini, mafundi huchomeka plagi ndogo ya kuidanganya kwamba skrini ipo.

Kuvuka mpaka

Mpaka hapo kila kitu kimefanyika ndani ya chumba kimoja. Kuipeleka sauti hiyo kutoka Kigali hadi Dar ndiko kunakohitaji uangalifu, na ndiko wengi huharibu.

Njia ya mkato, ambayo fundi mvivu ataipendekeza, ni kuiagiza ruta ifungue namba 16992 kwa dunia nzima. Haifai hata kidogo. Kwenye mashine nyingi za mtumba, mazungumzo yanayopita kwenye namba hiyo hayafichwi. Namba ya mazungumzo yaliyofichwa ni 16993, nayo huhitaji mipangilio ya ziada. Na kuna watu ambao kazi yao ni kuzunguka intaneti wakitafuta milango ya namna hii iliyoachwa wazi. Kasoro ya 2017 ilikuwa ya kutisha hasa kwa waliokuwa wameufungua mlango huo nje.

Isitoshe, kwa ofisi nyingi njia hiyo haifanyi kazi hata kwa anayeitaka. Intaneti ya laini ya simu, ambayo maduka mengi ya mipakani huitegemea, kwa kawaida haimpi mteja anwani yake mwenyewe. Wateja wengi huwekwa nyuma ya anwani moja ya kampuni ya simu. Kutoka nje hakuna mlango wa kubisha.

Kinachofaa ni VPN, yaani njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti. Kwa kuwa Management Engine haiwezi kuendesha VPN ya kawaida yenyewe wakati kompyuta imezimwa, lazima pawepo kifaa kingine kisichozimwa. Ruta ya MikroTik, ambayo mafundi wengi wa ukanda huu wanaifahamu, inaweza kufanya kazi hiyo kwa WireGuard. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi nayo inatosha. Pale ambapo intaneti ni ya laini ya simu, kifaa hicho ndicho hupiga kwenda nje, ama kwa huduma kama Tailscale ama kwa seva ndogo ya kukodi, kisha mwenye ofisi anakutana nacho huko kutoka alipo. Kwa kompyuta yake ya mkononi aliyo nayo Dar, ofisi ya Kigali inaonekana kama iko chumba cha pili.

Kwa wenye matawi mengi kuna njia nyingine inayotumia uwezo wa AMT yenyewe: kila mashine hupiga simu nyumbani, hata ikiwa imezimwa, kwenda kwenye seva ya MeshCentral ambayo mfanyabiashara amekodi. Ni nzuri, lakini kuiweka seva hiyo na kuilinda ni kazi ya mtu aliyebobea. Kwa maduka mawili au matatu, VPN inatosha.

Pesa ya intaneti pia ihesabiwe. Kuwasha na kuzima hakuli data. Kuona skrini kunakula kiasi. Lakini AMT ina uwezo pia wa kuifanya kompyuta ya mbali iwake kutoka kwenye diski iliyo mikononi mwa anayeisimamia, hata kuweka Windows mpya, na hiyo ni gigabaiti kadhaa kupita kwenye kifurushi cha simu kwa siku nzima. Kwa kazi hiyo basi la usiku lenye flashi ndani ya bahasha bado lina nafasi yake.

Ambayo AMT haiwezi

Umeme ukikatika, prosesa ile ndogo nayo inazimika. UPS ya kompyuta peke yake haisaidii kama ruta imechomekwa ukutani. Vyote viwili viwe kwenye UPS, na kile kifaa cha VPN pia. Kwa kompyuta za mkononi zenye vPro, AMT hutegemea chaja iwe imechomekwa, na kwenye Wi-Fi huhitaji mipangilio yake ya ziada. Kwa ofisi, kompyuta ya mezani yenye kebo ndiyo ya kutegemewa.

Wapo pia wasiohitaji haya yote. Mwenye duka moja, au anayebeba kompyuta yake kila anapovuka Busia au Namanga, hana sababu ya kuuacha uwezo huu wazi. Aingie MEBx mara moja, aweke nywila yake, auzime, atoke. Na anayetaka kuwasha tu bila kuona skrini anaweza kutosheka na uwezo wa zamani wa Wake-on-LAN, ambao upo hata kwenye mashine nyingi zisizo na vPro: ruta hutuma ishara, kompyuta inaamka. Tofauti ni kwamba ishara hiyo hutumwa gizani. Kompyuta ikiamka na kukwama, hakuna wa kuona imekwamia wapi.

Swali la karani nalo lisipuuzwe. Uwezo wa kuona skrini ya mtu akiwa kazini ni jambo zito, na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi sasa zipo katika nchi zetu: Kenya na Uganda zilipitisha zao mwaka 2019, Rwanda 2021 na Tanzania 2022. Intel iliweka breki yake. Kompyuta inapotazamwa, ukingo wa skrini humetameta kwa rangi nyekundu na njano. Zaidi ya hapo, MEBx ina chaguo la ridhaa ya mtumiaji: likiwashwa, namba ya tarakimu 6 hutokea kwenye skrini ya ofisini, na aliye mbali hawezi kuendelea mpaka karani amsomee kwa simu. Kwa ghala lisilo na mtu usiku chaguo hilo halina maana, kwani nani atasoma namba? Lakini kwa dawati lenye mtu wake, kuliacha limewashwa ni heshima inayogharimu simu moja tu, na huondoa manung'uniko ya kwamba bosi anachungulia.

Mgogoro unaotokea zaidi, hata hivyo, si wa bosi na karani, ni wa bosi na fundi. Fundi anaitwa, anaweka mipangilio, anaweka nywila anayoikumbuka yeye, anachukua ujira wake. Miezi 6 baadaye amehamia Juba au hapokei simu, na kompyuta inayobeba hesabu za nchi mbili ina funguo mfukoni mwake. Fundi afanye kazi yote, lakini kibodi ikabidhiwe mwenye mali wakati wa kuandika nywila ya MEBx, naye aiandike mwenyewe, ajaribu kuingia nayo mara mbili mbele ya fundi huyo, na nakala yake ifungwe kwenye bahasha na kukaa pamoja na leseni ya biashara, mahali ambapo mwenza au mrithi anaweza kuipata. Nywila ya VPN ipewe utaratibu huohuo, na iwe tofauti na ya kwanza.

Siku kompyuta hiyo itakapochakaa na kuuzwa tena kwa bei ya kutupwa, kufuta diski hakutoshi. Kabla haijatoka mlangoni, MEBx ifunguliwe kwa mara ya mwisho na ichaguliwe amri ya Full Unprovision, ili nayo isiende kwa mnunuzi wa Gisenyi au Arua ikiwa bado inamtii mwenyeji wa zamani.